Mchezo wa Kila Kitu Kwao

Mwanangu Neema alirudi kutoka shuleni na kazi ya nyumbani iliyoniharibia wiki nzima. Mwalimu wao, binti mmoja mchangamfu anayetuma ujumbe kwenye kundi la wazazi kabla jogoo hajawika, aliwataka watoto waje na mchezo mmoja unaoweza kuchezwa na familia kwa kutumia vitu vya nyumbani. Wasinunue chochote. Vizibo, vijiko, ungo, kanga, kilichopo ndani kitumike. Wazazi nao hawakulala. Mmoja alituma picha ya watoto wake wakirusha vizibo kwenye sufuria, mwingine akatuma wa kwake wakivuka sebule na kiazi kwenye kijiko, na chini ya kila picha makofi na mioyo. Nilisoma yote, nikaifunika simu kifudifudi mezani.

"Mama, nyinyi mlikuwa mnacheza nini?" Neema akaniuliza.

"Hatukuwa na muda wa kucheza. Tulikuwa tunafanya kazi."

Uongo mtupu. Tulicheza kila siku iliyokwenda kwa Mungu. Tulikuwa na mchezo wetu ambao sijauona kwingine, mchezo wa vitu vya nyumbani kabisa, hata yule mwalimu angeupigia makofi. Mpaka leo nikisikia harufu ya chai ya tangawizi iliyomwagikia makaa, natoka nje. Sikutaka mwanangu aupeleke mchezo huo shuleni.

Wakati ule tuliishi Mikumi, nyuma ya barabara kuu, katika vyumba viwili vya kupanga. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu Debora aliyenizidi miaka sita, na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikaanga maandazi, Debora akayapeleka kwenye mabasi kabla ya kwenda shule, na mimi kazi yangu ilikuwa kuongea. Jina langu la ubatizo liko kwenye cheti, lakini nyumbani nilikuwa Chiku, kwa sababu ya mdomo. Jirani akitaka kujua tumekula nini, hakumuuliza mama.

Mchezo wetu uliitwa Kila Kitu Kwao, na mama ndiye aliyeutunga. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa na kwao. Kopo la chumvi kwao ni kulia kwa jiko. Mwiko kwao ni msumari wa kwanza kutoka mlangoni. Birika kwao ni kona ya meza, na kigoda cha miguu mitatu, alichokirithi mama kwa bibi, kwao ni ukutani chini ya dirisha. Jioni, tukishakula na kabla ya sala, mmoja wetu alifungwa kanga machoni akawa mwenye nyumba, wengine wawili wakawa wageni. Mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa, halafu anasema, "Mwenye nyumba, naomba chumvi." Mwenye nyumba anainuka, anakwenda kuichukua, anamkabidhi mgeni mkononi, kisha anairudisha kwao. Kila mmoja alianza juma na vizibo kumi vya soda. Ukigonga kitu, unatoa kizibo. Ukileta sukari kwa chumvi, kizibo. Ukirudisha kitu pasipo kwao, vitatu kwa mpigo. Siku ya Jumapili tulipika wali, na aliyebaki na vizibo vingi alipewa ukoko wote, akae kwenye kigoda autafune polepole huku wenzake wakimeza mate.

Mama alikuwa hashindiki. Alitembea na kanga machoni vilevile anavyotembea bila kanga, na mimi niliona huo ni ufundi. Nilikwenda kujisifu kwa watoto wa jirani kwamba mama yangu anaona kwa miguu. Anayemfuatia alikuwa Debora. Mimi nilikuwa wa mwisho, juma hadi juma, na ukoko niliupata pale tu mama alipokuwa mshindi akanimegea wa kwake. Ukoko wa kumegewa hauna utamu, hasa ukiwa na miaka saba.

Mama hakuwa mtu wa fimbo. Alinichapa mara mbili tu katika utoto wangu, zote mbili kwa kuhamisha kitu. Mara ya kwanza niliacha ndoo mlangoni. Mara ya pili nilichukua kigoda nikakichezea uani nikakisahau njiani. "Kitu kikihama, mchezo umekufa!" aliniambia, akakirudisha kigoda ukutani kwa kishindo. Nilidhani ni hasira. Mtoto haijui hofu ya mtu mzima. Anaijua hasira tu, basi kila kitu anakiita hasira.

Nilivyoona na nilivyoelewa havikukutana hata kidogo. Nilimwona mama akigeuza kichwa kutafuta kitu kilicho ubavuni mwake, kama kuku anavyogeuza kichwa kuitazama punje, na tulimcheka, naye akacheka nasi. Nilimwona ameacha kwenda mazoezi ya kwaya jioni, nikadhani ameichoka kwaya. Akipakua chakula aliigusa kwanza sahani kwa kidole ukingoni, nami nikaona hayo ndiyo maadili ya mezani, nikamuiga. Shangazi aliyenilea baadaye alikuja kunipiga vibao kwa tabia hiyo.

Ilikuwa presha ya macho. Hilo niliambiwa ukubwani, na daktari aliyekuwa hajui kwa nini namuuliza. Huanza kula pembeni. Kilichokuwa mbele ya pua yake mama alikiona, hata sindano aliitungia uzi mwenyewe, lakini kilichokuwa ubavuni au miguuni hakikuwepo duniani. Angeweza kukutazama usoni ukaapa anaona kuliko wewe. Kwa hiyo ule haukuwa mchezo. Ulikuwa ni uzio, na sisi wawili tulikuwa fito zake. Alitufundisha kuiweka nyumba vile kichwa chake kinavyoijua, na akatulipa kwa ukoko.

Alijificha kwa sababu ya mjomba. Huko kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka wa mama akisema neno juu yako, limesemwa. Mjomba Yohana, kaka yake mkubwa, aliishi Lumuma na vitunguu vyake na uzee wake wa kanisa. Siku ya kumaliza matanga ya baba alimwambia mama mbele ya watu: "Dada, kama unajiweza, kaa Mikumi na wanao, sikukatazi. Siku nitakayoona hujiwezi, nakuja kuwachukua wote mrudi nyumbani." Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana mtu anayekuonea unaweza kumkatalia, lakini mtu anayekupenda utamwambia nini? Mama hakutaka kurudi kuishi chini ya wifi yake. Zaidi ya hapo, Debora alikuwa darasa la saba, wa kwanza darasani, na mama alikuwa ameshaapa kwamba binti yake atakwenda sekondari. Lumuma wakati huo sekondari ilikuwa ni habari ya watu wengine. Ilibidi mwaka ule uishe na mjomba asijue.

Debora aliambiwa yote hayo. Mimi sikuambiwa. Chiku ataropoka, walisema, na nadhani walisema kweli.

Ila mtoto asiyeambiwa jambo hujitafutia lake. Nami nililipata langu: niligundua wanashirikiana. Kila mama alipokuwa mwenye nyumba, Debora alikuwa na kikohozi. Mama akisogea karibu na beseni, Debora anakohoa, mama anapinda. Mama akielekea kwenye ncha ya meza, Debora anakohoa, mama anasimama. Akiwa mwenye nyumba ni mimi, Debora ana kifua kizima kama mwimbaji. Nililala na jambo hilo kifuani siku tatu. Nilijiona mtoto wa kuokotwa. Walikuwa na lugha yao ya kukohoa, vizibo vyao wanavilinda wenyewe, na vyangu vinakwisha kila Jumatano.

Siku moja zikaja salamu kupitia kwa kondakta kwamba Mjomba Yohana anakuja Jumamosi. Mama alituchezesha juma zima asubuhi na jioni, mpaka maandazi yakaungua kwenye mafuta. Jumamosi yenyewe aliniita pembeni, akanishika mashavu, akanitazama kwa yale macho yaliyokuwa yanaona uso wangu tu na kitu kingine hapana.

"Chiku, leo ni fainali. Tunacheza mchana, bila kanga. Mjomba asijue kama tunacheza, umesikia? Ukimwambia, mchezo umekufa. Na atakayekosea leo anatoa vizibo vyote."

"Vyote?"

"Vyote."

Masikini mama. Alidhani amenipa sababu ya kutogusa kitu. Nilikimbia moja kwa moja kwenye kigoda.

Nilikuwa namtaka Debora. Hilo nataka lieleweke, ingawa halimsaidii mtu sasa. Debora ndiye aliyepangwa kumhudumia mjomba chai, na njia ya kutoka mezani hadi kwenye kiti cha mgeni nilikuwa naijua kama wao. Mama alipotoka kwenda uani kupuliza moto, nilikitoa kigoda chini ya dirisha nikakiweka hatua mbili mbele, pale mguu unapokanyaga bila kufikiri. Halafu nikakaa kwenye mkeka, nimekunja mikono, mtoto mwema.

Mjomba alifika na mfuko wa vitunguu begani, ananukia jasho na vumbi la njia ya Kilosa. Tukamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia "Marahaba wanangu" na kutushika vichwa. Mama akapiga goti, "Shikamoo kaka." Wakaongea kilugha kidogo, habari za wagonjwa na za mvua, mama ametulia kwenye kiti chake, anamtazama kaka yake usoni, anacheka panapochekesha. Alikuwa anashinda. Nakumbuka niliwaza hivyo: mama anashinda tena.

Debora akainuka kwenda kwenye birika.

"Kaa chini, binti," mjomba akasema. "Tangu nimeingia naona unaruka wewe tu. Maji wewe, mlango wewe, kiti wewe. Mama yako yuko hapa, mikono anayo. Dada, niletee chai mwenyewe. Sijanywa chai ya mkono wako tangu msiba."

Sijui kama alikuwa ameshanong'onezwa. Watu wa Lumuma walipita Mikumi kila siku, na watu wana macho. Mama akasema, "Haya kaka," akanyanyuka kama mtu aliyekuwa anangoja kuambiwa tu. Akaenda mezani, akalipata birika kwenye kona yake, akamimina kikombe kimoja bila kumwaga tone, akageuka na birika mkono mmoja, kikombe mkono wa pili.

Hapo Debora akakiona kigoda. Alikohoa. Mama akasita. Debora akakohoa tena, kwa nguvu, akakohoa mfululizo huku macho yamemtoka, na mjomba akasema, "Huyu amepaliwa, mpeni maji." Mimi nilikaa kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, anasikia hatari na haijui iko wapi, kwa sababu kichwani mwake njia ilikuwa nyeupe na kigoda kilikuwa kwao, chini ya dirisha. Akafanya alichofundishwa na kikohozi: akapinda kidogo kushoto. Mguu ukakikuta kigoda.

Alianguka na birika lote. Chai ilimwagikia mkono wake, ikaingia kwenye makaa ya jiko alilokuwa ameliingiza ndani, moshi wa tangawizi ukajaa chumba. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi. Nilirukaruka kwenye mkeka napiga makofi.

"Mama kakosea! Vizibo vyote! Nimeshinda! Nimeshinda!"

Mama alikuwa amepiga magoti, anatafuta mfuniko wa birika. Mfuniko ulikuwa karibu na kiwiko chake, unang'aa, hata mtoto anayetambaa angeuchukua. Mkono wake ulipita pembeni yake mara tatu, ukapapasa udongo, ukarudi. Mjomba alikuwa ameloa chai mpaka kwenye viatu lakini hakuviangalia. Aliinama taratibu, akainua mkono wake ubavuni mwa uso wa mama, karibu na sikio.

"Dada, vidole vingapi?"

"Chai imekuunguza, kaka?"

"Nimekuuliza vidole vingapi."

Mama alimtazama usoni bila kugeuza kichwa. Alijua akigeuza ameshindwa, na asipogeuza ameshindwa. Debora alikuwa hakohoi tena, alikuwa analia.

"Tangu lini?" mjomba akauliza.

"Mvua za mwaka juzi."

Mjomba akaketi chini kwenye matope ya chai, mzee mzima na suruali yake ya safari, akaufunika uso. Nilipomwona analia niliacha kuruka. Nilimwangalia Debora anielezee kulikoni. Akaenda kwenye kopo lake, akaja akanisimamia, akanimiminia vizibo vyake vyote mapajani.

"Chukua," akasema. "Umeshinda."

Kwa juma moja nyumba ikawa imekwisha. Mjomba alitimiza neno lake. Mama na Debora walikwenda Lumuma na kigoda chao juu ya mizigo. Mke wa mjomba alisema mgonjwa na msichana wa kazi anawapokea, lakini kitoto kinachokula bila kufanya lolote hakiwezi, kwa hiyo mimi nikapelekwa kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na nyumba Kilosa mjini karibu na reli. Mtihani wa darasa la saba ulimkuta Debora Lumuma na jina lake liko Mikumi. Hakuufanya. Alishika ncha moja ya fimbo, mama akashika ncha ya pili, ikawa ndiyo sekondari yake. Aliolewa mapema, hukohuko, na mkulima asiyekuwa na neno baya wala jema.

Mimi nilisoma. Nimelizungushia jambo hili maneno ya kila aina, wala halibadiliki. Aliyekihamisha kigoda ndiye aliyepelekwa karibu na shule, akavaa sare, akafika alikofika. Leo natunza stoo, nalipwa kwa kujua kila kitu kilipo, na wenzangu kazini wananisifu kwamba hakuna kitu kinachopotea mikononi mwangu.

Likizo nilipelekwa Lumuma, na huko ndiko nilikojua tulichomfanyia mama. Nyumba ya mjomba ilikuwa ya watoto wanane na mbuzi wanaoingia watakavyo. Ndoo leo iko hapa, kesho kule. Hakuna aliyekuwa mbaya, walikuwa wanaishi tu. Lakini mama aliyekuwa anatembea Mikumi na birika la moto bila kumwaga tone, Lumuma hakuweza kwenda chooni bila kushikwa mkono. Alikaa kwenye kigoda nje ya jiko, mgongo ukutani, kuanzia jua linapochomoza mpaka wanapomwingiza ndani. Mwaka wa pili hata nyuso zilikuwa zimepotea. Yule daktari alisema dawa za matone zikianza mapema huokoa kilichobaki. Kwa hiyo hata ule uzio wetu wa vizibo na ukoko, uliomkinga na mjomba, ulikuwa unamla macho. Nilimkasirikia sana mama nilipojua hilo, na sijui kama nimeacha.

Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tano na kiburi cha kidato cha pili.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

"Ungenyamaza?"

"Nilikuwa na miaka saba!"

"Ndiyo hiyo," akasema, akaendelea kuchambua maharage kwa vidole.

Alifariki akiwa amekaa palepale. Wakati wa kugawana vitu vyake Debora alichukua kigoda, na hakuna aliyeniuliza kama nakitaka. Mimi na dada yangu hatujawahi kugombana. Tunapigiana simu, tunaulizana habari za watoto na bei ya vitunguu. Siku ile hatujawahi kuitaja.

Sasa turudi kwenye kazi ya Neema. Juma hilohilo Debora alikuja kwangu Kilosa. Alisema ameleta vitunguu sokoni, na kweli gunia lilikuwepo, lakini bodaboda alimleta mpaka kizingitini naye akangoja ashikwe mkono kushuka. Alikaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona anavyogeuza kichwa kutafuta kikombe. Niliona, nikajiambia ni uchovu wa safari. Nimerithi kutoona kwa namna yangu.

Ijumaa niliporudi kazini nilisikia vicheko kutoka barabarani. Nilifungua mlango nikakuta sebule yangu imepangwa upya. Kapeti limekunjwa, chupa ya chai iko kona ya meza, rimoti iko juu ya kitambaa chake, na Debora amesimama katikati na kanga yangu imemfunga macho. Neema alikuwa amekaa kwenye kochi na rundo la vizibo.

"Mwenye nyumba, naomba sukari!"

Dada yangu alikwenda mpaka kwenye kabati ndani ya nyumba ambayo si yake, akachukua kopo la sukari, akaja akamkabidhi mwanangu mkononi, akalirudisha kwao. Alitembea kama anavyotembea bila kanga.

"Mama! Mamkubwa amenifundisha mchezo, nimeshauandika kwa ajili ya mwalimu! Mamkubwa hashindiki!" Neema akanirukia. "Na wewe ulikuwa unacheza? Mamkubwa, mama alikuwa anashinda?"

Debora akaivua kanga taratibu, akaikunja mara mbili, akanitazama usoni sawasawa.

"Mara moja tu," akasema.

Miaka yote hiyo, na yalitosha maneno matatu. Nilitaka kumwambia samahani, neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nilimsogelea, na mkono wangu ukainuka wenyewe ubavuni mwa uso wake, karibu na sikio. Niliinua vidole viwili. Nilijiona nimekuwa Mjomba Yohana na sikuweza kuushusha.

"Dada, vidole vingapi?"

Hakugeuza kichwa. Halafu nyuma yangu, kwenye kochi, mwanangu akakohoa. Kisha akakohoa tena.

"Viwili," akasema Debora.

Neema alikuwa anatabasamu, mchezaji hodari, ameshika kanuni zote. Alikuwa ameambiwa. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilikuwa mtu pekee ndani ya nyumba ambaye hakuambiwa, na sikuwa tena na miaka saba ya kujitetea nayo.

"Mume wako anajua?"

"Hapana. Wala wanangu. Na wewe usiwaambie. Kijana wangu akijua atanitoa kwangu anipeleke kwake Dar, nikae kwenye kochi la mkewe mpaka nife. Ulimwona mama alivyokaa. Nyumba yangu naijua, Chiku. Kila kitu kiko kwao."

"Kuna dawa, Debora. Kesho tunapanda treni tunakwenda Morogoro, wakupime."

"Nitakwenda. Ila usimwambie mtu."

"Dawa zinawekwa kila siku, maisha yote. Nani atakuwekea huko Lumuma kama hakuna anayejua?" Sauti yangu ilikuwa imepanda. "Mama alinyamaza akapofuka. Nitawaambia. Nitampigia mwanao leo hii."

Nilijua natenda haki. Mjomba naye siku ile alijua anatenda haki.

Debora hakubisha. Aliinama kwenye kochi, akavikusanya vizibo vyake vyote kwa kupapasa, asikiache hata kimoja, akautafuta mkono wangu mpaka akaupata, akakifungua kiganja, akavimimina.

"Neema," akasema, "ongeza kwenye karatasi yako. Mama yako ameshinda mara mbili."